Yangeyange Waliohamishwa kwa Kalamu

"Mtu akitaka habari za yangeyange wa mabwawa haya, asipoteze mate kuniuliza mimi. Asome daftari langu. Daftari langu linajieleza!"

Bi Rula aliyasema hayo kwenye kikao cha mwaka cha wafanyakazi, mbele ya watu sitini na kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma kama mgonjwa wa pumu. Alikuwa ameitwa mbele kupokea cheti cha utumishi wa miaka kumi na tisa, karatasi yenye mpaka wa dhahabu na jina lake limekosewa herufi moja. Wengine wakipewa cheti husema ahsante wakarudi kukaa. Yeye alikamata kipaza sauti. Watu wakapiga makofi, mkuu wa kituo akacheka mpaka tai ikahama shingoni, na huko nyuma, kwenye viti vya wageni, bwana mmoja aliyevaa kizibao cha mifuko kumi na miwili akaandika kitu kwenye simu yake.

Maskini wa Mungu. Angejua, angeumeza ule ulimi, na kipaza sauti juu yake.

Bi Rula hakupewa jina hilo na wazazi. Alipewa na mafundi wa pampu, na rula yenyewe si ile ya mtoto wa shule. Yeye ni mpima maji kwenye kituo cha kusafishia majitaka. Mji mzima unavuta maji chooni na kusahau. Yeye analipwa kukumbuka. Kila kitu kinashuka kwa bomba mpaka bwawa la kwanza, ambalo haliongelewi watu wakiwa mezani. Kutoka hapo kinakwenda la pili, la kijani kama ukuta wa zahanati, halafu la tatu, ambalo tayari lina samaki na vyura. La nne linamwaga mtoni maji ambayo mkuu wa kituo huwaambia wageni kwamba yanafaa kunywewa, ingawa hajazaliwa mtu aliyemwona akiyanywa. Katika kila bwawa kumesimikwa rula ya chuma ndefu kuliko mtu. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi Bi Rula huvaa mabuti, hupita juu ya tuta, husoma rula nne na kuandika kina cha maji kwenye fomu ya ofisi. Ni kazi ya dakika arobaini. Yeye huifanya kwa saa moja na nusu, kwa sababu ya bwawa la tatu.

Ndani ya bwawa la tatu kuna migunga saba. Ilikuwapo kabla ya bwawa. Wachimbaji waliona uvivu kuing'oa, maji yakaja yakaikuta. Mti wenye miguu majini haupandwi na paka, wala panya, wala mtoto mwenye manati. Wahandisi hawakuliona hilo kwenye ramani zao. Yangeyange waliliona mwaka uleule.

Mwanzoni Bi Rula hakujua kitu. Aliona ndege weupe, wakubwa, miguu myeusi kama imechovywa kwenye lami, shingo ndefu yenye pindo katikati kana kwamba ilivunjika ikaungwa na fundi asiyepima. Yangeyange akisimama majini, unaweza kwenda kunywa chai ukarudi na hajatikisa hata unyoya. Halafu shingo inafyatuka, na samaki amekwisha kuwa marehemu. Akiruka huikunja ile shingo akaiweka mabegani kama mtu anayesikia baridi, tofauti na korongo, ambaye huinyoosha mbele kama anachungulia foleni. Miezi fulani Bi Rula aliwaona wenye midomo ya njano. Miezi mingine aliwaona wenye midomo myeusi. Mwaka wa tatu kazini akanunua daftari la mistari, akachora safu mbili: NJANO na NYEUSI. Akaamini ni koo mbili zinazopokezana miti kama wapangaji.

Kabla mwaka haujaisha akajiumbua mwenyewe. Kulikuwa na ndege mmoja aliyekatika kidole cha mbele cha mguu wa kulia, pengine na uzi wa ndoano. Huyo alimjua kama unavyomjua jirani kwa kikohozi chake. Akamwona ana mdomo wa njano kama kiini cha yai. Wiki tatu baadaye akamwona yuleyule, mguu uleule, kidole hakuna, mdomo mweusi kama mkaa. Bi Rula alikaa chini juu ya tuta lenye umande akajicheka mpaka machozi. Hazikuwa koo mbili. Walikuwa walewale. Msimu wa kuzaa ukifika, mdomo hugeuka mweusi, ngozi ya mbele ya jicho hugeuka kijani, na mgongoni huota manyoya marefu, mepesi kama nyuzi za pazia, ambayo dume na jike huyainua na kuyatandaza wakitongozana. Wakishatotoa, ule weusi hufifia, na njano hurudi kidogo kidogo ikianzia shinani mwa mdomo.

Mwingine angezifuta zile safu. Yeye aliziacha, kwa sababu zilikuwa zimekwisha kuwa saa yake. Namba zikianza kuhama kutoka NJANO kwenda NYEUSI, alijua kwamba vijiti vya viota viko njiani. NJANO ikisoma sifuri, alihesabu wiki chache, na mayai yalikuwapo, matatu au manne kwa kiota, rangi ya samawati iliyopauka. Miaka kumi na sita saa hiyo haikumwangusha. Aliielewa mwenyewe, hakuona sababu ya kuandika maelezo pembeni. Nani huandika kwenye saa ya ukutani kwamba mshale mfupi ndio wa saa?

Hilo ndilo kosa lake, na lisemwe mapema, asije mtu akadai amefichiwa.

Nyumbani kwa Bi Rula kuna vyumba viwili na watu watatu. Mumewe ni mwokaji wa mikate. Hurudi asubuhi mkewe anapotoka, wakapishana mlangoni kama zamu za walinzi. Chumba cha mbele ni cha wifi yake, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, ambaye alikuja kukaa wiki mbili mwaka ambao hakuna anayeukumbuka tena.

"Wifi," alikuwa akimwambia kila akirudi na tope mpaka magotini, "hivi wewe uliolewa na kaka yangu au na mandege?"

"Sauti zao moja, wifi. Nilishindwa kuchagua."

Na kweli yangeyange, pamoja na uzuri wote ule, akifungua mdomo hukwaruza kama bawaba iliyokosa mafuta.

Siku moja wifi alisema, kwa mzaha tu, kwamba akiletewa fungu la yale manyoya ya mgongoni atashonea shela la bibi harusi na mji mzima utahamia dukani kwake. Bi Rula alimkalia kooni mpaka chai ikapoa. Kwani hajui kwamba hayo ndiyo yaliyotaka kuwamaliza? Kwamba zamani huko ng'ambo wanawake wenye pesa walivaa kofia zenye manyoya hayo, na wawindaji waliwapiga risasi wazazi msimu uleule wa kuzaa, kwa sababu ndipo manyoya yanapoota, wakanyofoa mgongo, wakatupa ndege, na makinda wakabaki kwenye viota wakilia njaa mpaka wakanyamaza?

"Basi, basi," wifi alisema akiinua mikono, sindano mdomoni. "Nitatumia nailoni."

Sasa turudi kwa yule bwana wa kizibao. Aliitwa Daktari, na tuelewane, si daktari wa kutibu hata mafua. Shahada zake tatu zote ni za udongo na zege. Mamlaka ya maji ilitaka kuongeza bwawa la tano, kwa sababu upande wa pili wa barabara zinajengwa nyumba za kisasa mia nne, na watu wa kisasa nao huenda chooni. Ili kuongeza bwawa lazima kwanza iandikwe ripoti ya kuonyesha nani na nini kitaumia. Daktari ndiye aliyepewa kazi hiyo, ndege wakiwamo. Alikuja kituoni siku moja, wiki moja baada ya kile kikao. Alikuja saa saba mchana, jua la utosi, wakati ambao hata chura ana akili ya kujificha. Aliitazama migunga kupitia kioo cha gari lenye kiyoyozi. Akaingia ofisini, akaomba daftari, akapiga picha ukurasa baada ya ukurasa.

"Safi sana, mama. Takwimu nzuri mno hizi."

Akamaliza soda, akaondoka. Bi Rula siku hiyo alitembea kama bibi harusi. Swali moja tu Daktari hakuliuliza, nalo lilikuwa jepesi: mama, hizi safu mbili maana yake nini? Angejibiwa kabla soda haijaisha. Lakini angeuliza ya nini, wakati aliambiwa kwa kipaza sauti kwamba daftari linajieleza?

Na wiki ile, kwa bahati mbaya ya migunga yote saba, NJANO ilikuwa imesoma sifuri.

Ripoti ilifika baada ya miezi miwili. Mkuu wa kituo aliisoma Jumatatu asubuhi kwa sauti ya mtu anayesoma risala. Alipofika ukurasa wa arobaini na moja, Bi Rula, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha akikwangua tope kwenye buti, aliacha kukwangua.

"Kwa mujibu wa kumbukumbu za kituo za miaka kumi na sita," mkuu alisoma, "spishi yenye mdomo wa njano imehama eneo hili kwa hiari yake. Waliopo ni spishi yenye mdomo mweusi, ambao ni wapita njia. Viota vilivyoonekana ni vikuukuu na vimetelekezwa. Hivyo ukataji wa miti saba hautakuwa na athari yoyote." Akafunga. "Msumeno unakuja Alhamisi ya wiki hii. Maswali?"

"Hawajahama!" Bi Rula alisimama na buti moja mguuni, jingine mkononi. "Mkuu, ni walewale! Wamebadilisha rangi ya mdomo!"

"Kama wanawake wa mjini?" fundi mmoja wa pampu alidakia, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

"Cheka. Ukimaliza niite, nikuonyeshe viota sitini na viwili vyenye makinda wa wiki mbili. Alhamisi mkikata, wale hawawezi kuruka. Wataanguka majini mmoja mmoja kama nguo kutoka kwenye kamba, na wewe utakuwa umesimama hapo na kikombe chako."

Fundi akatafuta kitu cha kutazama sakafuni.

"Bi Rula," mkuu alisema kwa upole ule wa watu wasiokusudia kufanya chochote, "mimi ni mtu wa pampu. Ripoti imepigwa muhuri. Na wewe mwenyewe, mbele ya watu, ulisema daftari linajieleza. Limejieleza."

Hapo ndipo palipomuuma. Mkuu angesema hajui, sawa. Angesema ripoti imeandikwa na mlevi, sawa. Lakini kuambiwa kwamba ni mkono wake yeye, kalamu yake, asubuhi zake za miaka kumi na sita zenye umande na mbu, ndizo zilizowatia hukumuni ndege wale! Alitoka nje bila kuaga, na buti bado mkononi.

Alimpigia Daktari mara saba. Mara ya kwanza yuko kikaoni, mara ya pili yuko njiani, mara tano zilizobaki simu iliita peke yake kama mtoto aliyeachwa shuleni. Alipofika nyumbani akasimulia huku akibamiza masufuria, mpaka mumewe akageuka kitandani chumba cha pili. Wifi alisikiliza bila kusimamisha cherehani. Halafu akasimamisha.

"Nipe hiyo namba. Nitampigia kwa simu yangu, haijui." Akasubiri. "Halo? Daktari? Shikamoo sikupi, umri hauruhusu, lakini heshima ipo. Mimi ni fundi cherehani. Nakupigia kuhusu suruali yako... Ndiyo, suruali. Imechanika nyuma, baba. Wewe huoni kwa kuwa iko nyuma, lakini sisi wengine tunaona mpaka ukurasa wa arobaini na moja. Sasa siku ile utakayosimama kwenye mkutano wa wananchi kuisoma ripoti, kuna mtu atasimama na picha kubwa, hivi, ya ndege mwenye rangi mbili mdomoni. Njoo kesho asubuhi tukushonee, kabla hujapanda jukwaani." Akakata simu. "Atakuja. Msomi haogopi kosa, wifi. Anaogopa kuonekana nalo."

Alikuja. Jumanne saa moja kasoro robo asubuhi, na kizibao chake. Bi Rula hakumsalimia kwa maneno mengi. Alimpandisha kwenye boti ya bati wanayotumia kuondolea magugu, akashika pondo mwenyewe, akamsukuma mpaka chini ya mgunga wa pili, mahali ambapo kwa miaka yote ile hajawahi kumpeleka mtu. Kelele zilikuwa za soko lililovamiwa, na harufu ilikuwa ya samaki wa juzi.

"Tazama kile kiota cha chini. Huyo aliyesimama ukingoni. Mdomo wake una rangi gani?"

Daktari aliinua darubini. Akaishusha, akafuta vioo, akainua tena.

"Mweusi," alisema. "Mbele mweusi. Nyuma, kuelekea machoni... njano."

"Nusu kwa nusu. Ameanza kurudi. Wiki tatu nyingine atakuwa njano mtupu. Sasa niambie, baba, ndege huyu yuko kwenye spishi gani ya ripoti yako? Ile iliyohama au ile inayopita?"

Kwenye kiota makinda watatu walinyoosha shingo, vichwa vyao vimesimama nywele kama watu walioamshwa ghafla. Mkubwa wao alikuwa karibu mara mbili ya mdogo, maana mayai hayatagwi siku moja wala hayaanguliwi siku moja, na aliyetangulia kula ndiye anayeendelea kula. Palepale mbele ya Daktari yule mkubwa akamgonga mdogo utosini, akamgonga tena, na mzazi ametazama pembeni kama karani wa dirisha la malalamiko.

"Hamzuii?" Daktari aliuliza.

"Hamzuii. Nilimchukia mwaka mzima kwa hilo. Halafu nikaona mwaka wa samaki wengi hata mdogo hupona. Tumbo likishiba, mdomo haugombani. Usisogee sana."

Akasogea. Kinda mkubwa aliona kizibao kimekaribia, akafanya kile ambacho makinda wa yangeyange hufanya kwa kila adui: alitoa shingo ukingoni akatapika kifungua kinywa chote. Kilitua kwenye mfuko wa tatu kutoka juu, samaki nusu na chura robo.

"Nilikwambia," alisema Bi Rula.

Mtu angedhani mambo yameishia hapo. Kosa limeonekana, lina rangi mbili, linanuka mfukoni. Kilichobaki ni kalamu kulifuta. Lakini ofisini, Daktari akijipangusa kwa karatasi za chooni, mambo yaligeuka.

"Nitarekebisha," alisema. "Na msumeno utasimama mpaka makinda waruke. Lakini lazima iwepo sababu. Ripoti yenye muhuri haibadilishwi hivihivi. Inabadilishwa kama chanzo cha takwimu kimekiri upungufu."

"Chanzo ni nani?"

Mkuu wa kituo akakohoa. "Ni wewe, Bi Rula."

Barua ilikuwa tayari kabla ya saa nne. Jambo la kumdhalilisha mtu halikosi mpiga chapa. Iliandikwa kwamba yeye, mpima maji, asiye na mafunzo yoyote ya ndege, anakiri kuwa daftari alilolitunza kwa miaka kumi na sita halikuandikwa kwa utaalamu, lina makosa, na limempotosha mtaalamu. Chini pana mstari wa sahihi.

Bi Rula aliisoma mara mbili. Mara ya pili kwa sauti, ili waisikie vizuri.

"Limempotosha mtaalamu," alirudia. "Daftari lilitoka kabatini, likamkamata, likamfumba macho, likamfungia kwenye gari lenye kiyoyozi. Kosa liko wapi humu? Nionyesheni namba moja tu iliyokosewa. Moja!"

"Namba hazina kosa," Daktari alisema taratibu. "Tatizo ni jinsi zilivyo... wasilishwa."

"Uliniuliza?"

"Ulisema linajieleza, mama."

"Nilisema! Nilijisifu, na kwa kujisifu huko nitajibu mbele za Mungu. Lakini wewe ndiye uliyelipwa kuuliza. Mimi ningekuwa nimesoma kina cha maji mita mbili na kuandika sita, ningefukuzwa jioni ileile. Wewe umehamisha ndege mia mbili kwa kalamu bila kushuka kwenye gari, halafu mimi ndiye wa kukiri?"

"Bi Rula," mkuu alisema, "ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, asaini yeye."

Nje, fundi wa pampu alikuwa amesimamisha spana hewani ili asikie vizuri.

Walimpa mpaka kesho yake, Jumatano, saa sita mchana. Nyumbani wifi hakutaka hata kuisikia barua mpaka mwisho.

"Usisaini! Wifi, usisaini, nakuapia. Leo utaandika hujui ndege, kesho watakwambia uandike hujui rula. Mtu akishakuvua kanga moja barabarani, ya pili haombi."

"Na makinda?"

"Makinda, makinda! Kwani wewe ndiye uliyewataga?"

Mumewe alikuwa ameamka, amekaa ukingoni mwa kitanda na unga bado kwenye nyusi. Ni mtu wa maneno machache. Mikate haihitaji mengi.

"Wanahitaji siku ngapi kuruka?"

"Thelathini na tano. Wa mwisho arobaini."

"Na ukikataa, mkononi mwako kuna karatasi gani nyingine ya kusimamisha msumeno Alhamisi?"

Bi Rula alifikiri. Aliwaza kwenda redioni. Aliwaza mkuu wa mkoa, ambaye msaidizi wake angempangia miadi wiki ijayo. Aliwaza kusimama majini mbele ya msumeno, akaona wazi jinsi ambavyo wangemtoa kwa heshima, mmoja kila mkono, wakimwita mama.

"Hakuna," alisema.

"Basi umenijibu," mumewe alisema, akarudi kulala. Wifi alimtazama kaka yake kwa jicho la kukata kitambaa, akarudi kwenye cherehani yake.

Jumatano asubuhi Bi Rula alisoma rula zake nne kama kawaida. Kwenye bwawa la tatu alisimama muda mrefu kuliko siku zote. Kwenye kile kiota cha chini makinda walikuwa bado watatu. Mdogo ana kidonda utosini lakini anakula. Saa sita kasoro alisimama mbele ya meza ya mkuu. Hakuketi, ingawa aliambiwa aketi. Alisaini haraka, herufi zimelala chini kama majani yaliyokanyagwa, akasukuma karatasi upande wa pili.

"Someni vizuri sahihi," alisema. "Hiyo nayo msije mkasema imewapotosha."

Msumeno haukuja Alhamisi. Haukuja kabisa, maana wahandisi walipopima upya waliona kwamba bwawa la tano linaweza kuchimbwa upande wa kaskazini, kwenye kichaka kisicho na kitu, jambo ambalo mafundi wa pampu walikuwa wamelisema tangu mwanzo bila kulipwa. Siku ya thelathini na tano tangu hapo kinda wa kwanza aliruka kutoka mgunga wa pili, akatua vibaya kwenye tuta, akajikung'uta, akajifanya alikuwa amekusudia. Kufikia wiki ya saba viota vilikuwa vitupu na bwawa limejaa weupe. Bi Rula alihesabu makinda mia moja na tisa. Aliandika. Safari hii, pembeni mwa kila safu, aliandika na maelezo, kwa herufi kubwa, kama anamwandikia mtu anayesoma akiwa ndani ya gari.

Lakini mwezi uliofuata wifi, akiwa na redio karibu na cherehani, alisikia sauti anayoijua. Daktari alikuwa anahojiwa. Mtangazaji alimpongeza kwa ugunduzi wake kwamba yangeyange wa mabwawa hubadilisha rangi ya mdomo msimu wa kuzaa. Daktari alisema haikuwa kazi rahisi, ilimbidi aingie mwenyewe majini kwa boti, tena alikuta kumbukumbu za kituo zikiwa katika hali mbaya. Yote yamo kwenye ripoti mpya, alisema, ukurasa wa arobaini na moja, na kiambatisho cha barua ya kukiri.

"Ugunduzi!" wifi alipiga yowe mpaka uzi ukakatika. "Hata kutapikiwa kwake ametia mfukoni kama shahada ya nne!"

Bi Rula hakupiga yowe. Alikunja uso, akaomba ruhusa ya nusu siku, akavaa viatu vya ngozi badala ya mabuti, akaenda makao makuu ya mamlaka ya maji. Alitaka kuona kwa macho yake wameandika nini juu yake, neno kwa neno, na kama jina lake mara hii limeandikwa sawasawa. Karani wa dirisha la nyaraka alikuwa msichana mstaarabu aliyempa shikamoo na kiti.

"Ripoti ya bwawa la tano, mwanangu. Ile iliyorekebishwa. Nataka ukurasa mmoja tu, wa arobaini na moja, nisome hapahapa, nirudishe."

"Hatutoi ukurasa mmoja, mama. Na kusomea hapa imekatazwa."

"Mimi ni mfanyakazi. Na ndani mna barua yangu."

"Hata wafanyakazi, mama." Msichana alimgeuzia kibao kilichobandikwa kwenye kioo, akamwonyesha mstari kwa kalamu.

Nakala moja ya ripoti iliyorekebishwa, kurasa mia moja na kumi na mbili, bila picha za rangi: shilingi elfu arobaini na tano.